MTOTO AKIONEWA SHULENI, TUMFUNDISHE KUJIBU

Leo tunasoma juu ya uonevu wa watoto shuleni.

Uonevu siyo ugomvi. Watoto wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira, huo ni ugomvi. Kesho watacheza tena. Uonevu ni pale mwenye nguvu anapomtesa mnyonge, leo, kesho na keshokutwa, na mnyonge hana njia ya kujitetea.

Hapa Buhare asubuhi tunawaona watoto wakienda shule na vidumu vya maji na fagio. Hebu tazama vizuri. Utakuta mtoto wa darasa la pili amebeba vidumu viwili. Kimoja chake. Cha pili ni cha nani? Ni cha yule mkubwa anayekuja nyuma mikono mitupu, anapiga mluzi. Jioni mdogo anasema bega linauma. Mama anadhani ni uchovu. Siku ya nne anasema tumbo linauma, hataki shule. Baadaye anatoka nyumbani na daftari lakini shuleni hafiki. Anashinda ufukoni kwenye dagaa. Basi sisi tunamwita mtoro na kumchapa. Amepigwa mara mbili.

Kuna uonevu wa maneno pia. Musoma yetu ina Wakwaya, Wajita, Wakurya, Wazanaki, Wajaluo na wengine wengi. Mtoto mmoja anachekwa kwa matamshi yake. Mvulana wa Kijaluo anachekwa kwa kuwa desturi ya kabila lake haina jando. Na katika baadhi ya sehemu za mkoa wa Mara, msichana ambaye hakukeketwa anadhihakiwa na wenzake. Hili ni zito sana. Msichana akichoka kuchekwa anaweza kuomba mwenyewe akeketwe, apate amani. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haitembei naye njiani kutoka shule. Anahitaji jibu mdomoni.

Wazazi wengi tuna majibu mawili tu. La kwanza: "Na wewe mpige!" Mtoto wa miaka minane atampigaje wa miaka kumi na minne? Ataumia zaidi, au ataokota jiwe. La pili: "Nyamaza, vumilia, utakua." Mtoto akisikia hivyo anajua nyumbani hakuna msaada. Hatasema tena.

Tufanye nini? Tumfundishe kama tulivyofundishwa sisi kusoma. Hatukujua ba, be, bi, bo, bu kwa siku moja. Tulirudia mpaka ulimi ukazoea. Mtoto mwenye hofu hakumbuki maneno mageni. Anakumbuka maneno aliyoyazoea. Kwa hiyo jioni, wakati ugali unaiva, fanyeni mchezo. Mama awe yule mkubwa.

Mama: Wewe! Beba kidumu changu!

Mtoto: (anatazama chini) Sitaki.

Mama: Inua kichwa, mwanangu. Nitazame. Sema tena.

Mtoto: Hapana. Beba mwenyewe.

Mama: Vizuri. Sasa ondoka, nenda walipo wenzako. Usikimbie, usitukane.

Rudieni hata mara kumi. Mtacheka, na kucheka kunasaidia. Msichana anayechekwa naye azoee maneno mafupi: "Sisi hatukeketi. Mimi nasoma." Halafu anakwenda zake. Asibaki kubishana, maana mchokozi anataka mabishano na machozi.

Lakini mkubwa akiwa na fimbo au kisu, mtoto asishindane. Akidaiwa viazi, atoe viazi, aondoke, aje kusema. Viazi tutachimba vingine.

Mtoto atauliza, "Nikisema, sitaitwa mchongezi?" Mwambie hivi: mchongezi anasema ili mwenzake aadhibiwe. Anayesema ili mtu aokoke siyo mchongezi.

Na yule mwanao ambaye haonewi, tumfundishe vilevile. Mchokozi anapenda watazamaji. Wakimcheka mnyonge, anapata nguvu. Mwanao asicheke. Amwite mwenzake, "Njoo tucheze huku." Watoto wadogo watatu wakitembea pamoja, ni vigumu kuwabebesha vidumu.

Hata hivyo mtoto peke yake hawezi kumaliza jambo hili. Huko Norway, nchi ya Ulaya, wavulana watatu walijiua mwishoni mwa mwaka 1982, na iliaminika kuwa chanzo ni kuonewa na wenzao shuleni. Mwaka 1983 serikali ilianza kampeni katika shule za nchi nzima. Mtaalamu Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika mji wa Bergen. Uonevu ulipungua kwa nusu, pengine zaidi. Dawa haikuwa viboko. Walimu walisimamia uwanja wakati wa mapumziko, kila darasa lilijiwekea kanuni, na wazazi waliitwa kuzungumza. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Kamati ya shule yetu inaweza kuyaanza.

Na hapa kalamu yako inafaa. Maneno matupu husahaulika. Chukua daftari uandike: siku gani, mahali gani, nani alifanya, alifanya nini, nani aliona. Kisha mwandikie mwalimu barua fupi:

*Kwa Mwalimu wa Darasa la Pili. Mwanangu amebebeshwa kidumu na mwanafunzi wa darasa la sita siku ya Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, njiani kuja shule. Siku ya Alhamisi alipigwa teke. Wenzake wawili waliona. Naomba tuonane ili tuzungumze. Ni mimi, mzazi wake.*

Weka nakala nyumbani. Usipopata jibu nenda kwa mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule. Mtoto akiumizwa, au akitishiwa kukeketwa, usingoje barua. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga simu namba 116. Simu hiyo ni ya kusaidia watoto, na haina malipo.

Je, barua kama hiyo ikija kwako, kwamba mwanao ndiye mchokozi? Usishike fimbo kwanza. Muulize nani alimfundisha hivyo. Mara nyingine kaka yake humbebesha yeye mizigo ya nyumba nzima. Mpeleke akaombe radhi, na wiki nzima yeye ndiye abebe kidumu cha yule mdogo.

*Zungumzeni katika kikundi:*

1. Njia ya watoto wetu kwenda shule ina sehemu gani mtu mzima haonekani? Nani anaweza kusimama hapo asubuhi?

2. Watoto wetu wanaitana majina gani ya dhihaka? Majina hayo waliyasikia kwa nani?

3. Kila mmoja aandike barua ya mistari mitano kwa mwalimu. Someaneni.