SOMO LA FIZIKI: GITARE YA KWAYA ILIPONYAMAZA



Munakumbuka ile siku ya Mungu kwaya yetu iliimba na ngoma tu. Siku ya posho gitare ya umeme iliwekwa mikro mpya. Kesho yake ikanyamaza kabisa. Watu wakasema ni mtoto wa mwaka wa kwanza aliyeibeba ndiye aliiangusha. Mimi kapita nikamupa azabu ya kukata majani siku tatu, bila kumuuliza neno. Naandika juu ya gitare, na juu ya ile azabu pia.

1. Mikro ni nini?

Mikro ya gitare si ile ya kusemea. Ni sumaku iliyozungushwa waya nyembamba ya shaba, mara maelfu. Kamba ya chuma ikitetemeka karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Ni jambo lile Faraday alilionyesha mwaka 1831. Ndiyo sababu kamba za nailoni hapa hazilii. Umeme ule unapita kwenye potansiometri, ndio kifungo cha sauti, halafu jaki, halafu ampli. Waya ni mbili: ya moto na ya masi. Zikigusana, umeme unarudi njiani, ampli haipati kitu.

2. Kupima bila kufungua

Kwanza jaribu kable ingine na ampli ingine. Kama shida inabaki, chomoa kable kwenye ampli, uiache ndani ya gitare. Fungua sauti mpaka mwisho, chagua ile mikro mpya. Weka multimetri kwenye ncha ya jaki na mwili wake.

Tuseme mikro iko na kiloomu 7, potansiometri 250. Ziko sambamba, basi:
7 × 250 ÷ 257 = 6,8.

- Ukisoma karibu 6,8: mikro inafika muzuri mpaka jaki.
- Ukisoma karibu 250: mikro haikuunganishwa, ao waya yake imekatika.
- Ukisoma 0: moto na masi vinagusana pahali.
- Multimetri haioni njia hata kidogo: angalia waya za jaki.

3. Ikilia vibaya

- Ngurumo inapunguka ukigusa chuma cha jaki, lakini si ukigusa kamba: waya ya masi inayoenda kwenye daraja la kamba imeachana.
- Ngurumo inazidi ukigusa kamba: moto na masi vimebadilishana.
- Kila mikro peke yake inalia muzuri, lakini pamoja sauti inakonda: zinapingana. Geuza waya mbili za mikro moja. Lakini kama kifuniko chake cha chuma kimeungwa na masi, uliza fundi kwanza.

Angalisho: Usifungue ampli! Mule kuna volti 220 na zaidi, na kondensateri zinaweza kuua hata ukiisha kuchomoa. Na gitare ikikupiga umeme, iache mara moja.

4. Sisi tulipata nini?

Tulisoma 0. Tulipofungua, tone la risasi lilikuwa limemwagika kati ya meno mawili ya potansiometri. Tukaliondoa kwa chuma cha moto, tukapima tena: 6,8. Gitare ikalia.

Sasa, nani aliunganisha ile mikro siku ya posho? Ni mimi mwenyewe. Mtoto alikata majani kwa kosa la mukono wangu.

Nimemuomba samahani mbele ya darasa lake lote, naye akanisamehe. Mezali 18:13 inaita upumbafu kujibu mbele ya kusikia. Sisi makapita tulishike: pima kwanza, hukumu nyuma.

ULIZO: Mikro ni kiloomu 8, potansiometri 500. Multimetri itasoma ngapi? Mupelekee mwalimu wa fiziki jibu.

Kapita wenu, mwaka wa sita