SOMO: KIDONDA CHA MAMA ALIYEJIFUNGUA KWA UPASUAJI



Mama mmoja mnene tuliyemtembelea alikuwa ameficha harufu ya kidonda chake siku nne, kwa aibu. Tulimkuta ana homa na kidonda kimefunguka. Alipona, lakini alilazwa tena majuma mengi.

Mbona kidonda cha mama mnene hushikwa na vijidudu upesi? Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupata damu kidogo, na mkunjo wa tumbo hukaa na jasho. Si uchafu wake, wala si laana.

KABLA YA UPASUAJI
Mama apimwe uzito na sukari kliniki. Asinyoe kinena nyumbani, maana wembe hukwaruza ngozi na vijidudu huingia. Sindano ya kuzuia vijidudu hudungwa kabla ya kukata. Mwenye uzito mkubwa sana huenda akahitaji dawa nyingi zaidi. Msiogope kumuuliza daktari.

NYUMBANI
Nawa mikono kwa sabuni. Inua mkunjo, kausha polepole kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala mitishamba. Mama mwenyewe haoni chini ya tumbo lake, kwa hivyo mtu anayemwamini amwangalie kila siku kwa mwezi mzima.

Akiona uvimbe, usaha, harufu, homa au maumivu yanayozidi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

TUJADILIANE
Katika kikundi chetu, nani atamwangalia mama huyu? Na nauli ya usiku itatoka wapi?