Jina Huja Mwisho: Jinsi ya Kuingiza Madhehebu ya Kale ya Kiislamu Katika Mchezo wa Kompyuta

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeombwa niandike somo, si hadithi, nami nimechagua jambo ambalo huenda likawashangaza walimu wetu: mchezo wa kompyuta. Tafadhali msifunge ukurasa. Mchezo huu ulinifunza historia, na ukanitia aibu pia.

Likizo iliyopita nilikwenda Mombasa kwa binamu yangu. Ana kompyuta yenye nguvu na mchezo uitwao Crusader Kings III, uliotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Paradox ya kule Stockholm, Uswidi. Katika mchezo huo hakuna kufukuza mpira wala kufyatua risasi. Wewe ni mtawala wa enzi za kati. Unaoa, unatoza kodi, unapigana vita, unazeeka, unakufa, kisha mwanao anaendelea pale ulipoachia. Kila mtawala ana dini na dhehebu lake, na dhehebu ndilo linaloamua nani atakuwa rafiki na nani atakuwa adui.

Uzuri ni kwamba watengenezaji wameuacha mlango wazi. Mchezaji yeyote anaweza kuongeza madhehebu yake mwenyewe. Basi tukaamua kuingiza makundi ya mwanzo ya Uislamu. Jioni moja tukaandika kundi moja kubwa, tukaliita Khawarij, na chini yake tukatupa kila jina tulilolikuta: Azariqa, Najadat, Sufri, Ibadhi. Kwa wote tukaandika sifa moja: huwaua wasiokubaliana nao.

Rafiki ya binamu yangu, ambaye ukoo wake una asili ya Oman, akaja akasoma kwenye kioo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo babu yangu ni muuaji?"

Jamani, hatukuwa na jibu. Somo hili ni jibu letu, ingawa limechelewa.

CHANZO CHA MGAWANYIKO

Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki mwaka 632. Mwaka 656 khalifa wa 3, Uthman, aliuawa, na Ali akashika ukhalifa. Muawiya, gavana wa Sham, alikataa kumtii akidai kwanza damu ya Uthman ilipizwe. Majeshi yao yalikutana Siffin, kando ya mto Furati, mwaka 657. Vita vilipokuwa vikali, pande mbili zilikubaliana kuteua waamuzi. Hapo baadhi ya watu wa Ali wakachukizwa. Wakasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, vipi iachiwe watu wawili? Wakatoka jeshini. Ali aliwapiga vibaya Nahrawan mwaka 658, na mwaka 661 mmoja wao akamuua Ali mjini Kufa. Mwaka 680 mwanawe Ali, Husein, akauawa Karbala.

Kutokana na damu hii yalizuka maswali matatu. Ukiyashika haya, umeshika ufunguo wa somo zima:

1. Nani anafaa kuwaongoza Waislamu?
2. Muislamu aliyetenda dhambi kubwa ni nani: bado ni muumini, au ni kafiri?
3. Tuishi vipi na Waislamu wenzetu wasiokubaliana nasi?

MAJIBU YA KILA KUNDI

Waliotoka jeshini walisema kiongozi ni Muislamu yeyote mwema, awe wa kabila lolote, hata awe mtumwa. Akipotoka, aondolewe. Lakini karibu mwaka 684, kule Basra, wao wenyewe waligawanyika juu ya swali la tatu. Azariqa, wafuasi wa Nafi bin al-Azraq, walikuwa wakali kabisa: asiyehama kujiunga nao walimhesabu kafiri, na damu yake wakaihalalisha. Najadat, wafuasi wa Najda bin Amir, walitawala sehemu za Uarabuni kwa miaka michache. Sufri walikuwa wapole kuliko Azariqa.

Ibadhi walikwenda njia nyingine. Jina lao linatokana na Abdallah bin Ibadh, na mwanachuoni wao mkubwa wa mwanzo ni Jabir bin Zayd, mtu wa Oman aliyesomesha Basra. Kwao, Muislamu mwenye dhambi kubwa amekufuru neema, lakini si mshirikina. Kwa hivyo damu yake na mali yake si halali, na kuoana na kurithiana naye kunaruhusiwa. Wakiwa wanyonge, wana ruhusa ya kuishi kwa kujificha. Wakipata nguvu, humchagua imamu na kutawala hadharani.

Mashia walijibu swali la kwanza kwa kusema uongozi ni wa Ali na kizazi chake. Hata wao hawakuwa kitu kimoja. Mukhtar aliitawala Kufa kuanzia mwaka 685 hadi 687 kwa jina la Muhammad bin al-Hanafiyya, mtoto wa Ali asiyezaliwa na Fatma. Zaydi wanamfuata Zayd bin Ali aliyeasi Kufa mwaka 740. Kwao imamu ni mzawa wa Hasan au Husein mwenye elimu, anayesimama na upanga wake. Imamu Jafar as-Sadiq alipofariki mwaka 765, wafuasi wake waligawanyika, na hapo ndipo lilipoota tawi la Ismailia.

Halafu kuna waliojadili zaidi ya kupigana. Murjia walisema habari ya mwenye dhambi tumwachie Mungu. Mutazila, ambao mwalimu wao wa mwanzo ni Wasil bin Ata aliyefariki mwaka 748, walisema mtu huyo si muumini wala si kafiri, yupo katikati.

Umeona, msomaji? Swali moja, majibu manne. Na sisi tulikuwa tumewatia wote kapu moja!

TAZAMA KALENDA KABLA YA KUANDIKA

Kosa letu la pili lilikuwa la tarehe. Mapema kabisa, mchezo huu huanza mwaka 867. Je, mwaka huo nani alikuwapo? Azariqa walikwisha kuvunjwa karibu mwaka 699. Kuwaweka kwenye ramani ya 867 ni kumfufua maiti. Lakini Waibadhi walikuwapo hasa: Oman ilikuwa chini ya Imamu as-Salt bin Malik, na mji wa Tahert, katika Algeria ya leo, ulikuwa makao ya maimamu wa ukoo wa Rustam hadi mwaka 909. Sufri walikuwa Sijilmasa, katika Moroko ya leo. Zaydi walikuwa Tabaristan, kusini mwa bahari ya Kaspi, tangu mwaka 864. Yemen bado, wao walipata imamu wao mwaka 897.

Majina nayo yana tarehe zake. Mwaka 867 imamu wa 10 wa Mashia alikuwa bado hai, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuitwa mfuasi wa maimamu 12. Hata watengenezaji wa mchezo walijikwaa hapa. Waislamu wengi wa mwaka 867 wamewapa jina la Ashari, ilhali al-Ashari mwenyewe alizaliwa karibu mwaka 874. Ati wanafunzi wamemtangulia mwalimu wao kuzaliwa!

Isitoshe, watu halisi hawakai ndani ya mistari yetu. Mwaka 869, kwenye vinamasi vya Basra, watumwa walianzisha uasi uliodumu hadi 883. Waliitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita nalo watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, alidai kuwa mzawa wa Ali, lakini bendera yake ilibeba aya iliyopendwa na Khawarij. Sasa huyo utamweka kapu gani?

KUANDIKA FAILI

Kazi yenyewe si ngumu kama wengi wanavyodhani. Fuata hatua hizi:

(a) Usiguse faili za asili. Tengeneza folda yako, yenye mpangilio wa majina uleule wa folda za mchezo. Mchezo utasoma yako juu ya ile ya zamani.
(b) Andika faili ya dini kwa programu ya kawaida ya maandishi. Chini ya Uislamu, kila dhehebu lina rangi, alama, misingi 3 ya imani, na mafundisho kuhusu mambo kama ndoa na uongozi. Hapa ndipo yale maswali matatu yanapopata makao.
(c) Weka maeneo matakatifu. Kwa Ibadhi, baada ya Makka na Madina, sisi tuliongeza Nizwa na Tahert, kwa maana ya makao ya maimamu tu.
(d) Andika faili ya majina, la sivyo mchezaji ataona alama za ajabu badala ya jina.
(e) Fungua historia ya kila jimbo ubadilishe dhehebu lake kwa tarehe unayotaka.
(f) Hesabu mabano. Kila lililofunguliwa lifungwe. Bano moja likikosekana, faili nzima huharibika. Sisi tulikesha usiku mmoja kwa sababu ya bano moja!

Liko jambo la kuangaliwa zaidi ya yote. Mchezo hupanga uhusiano wa madhehebu kwa ngazi 4: wenzetu, waliopotea, mahasimu, na waovu. Azariqa tuliwapa ngazi ya mwisho dhidi ya wengine wote, kwani ndivyo walivyofanya. Ibadhi tukawapa ile ya waliopotea. Neno moja tu kwenye faili, na Oman nzima ikabadilika: watawala wake wakaanza kuozeshana na majirani badala ya kuwachinja.

MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE

Tulikwenda kumwona babu wa rafiki yetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nasikia mmeniua kwenye kompyuta?"

Tukacheka kwa haya. Akatwambia, "Hilo jina la Khawarij sisi hatulikubali. Tumepewa na wengine."

Nilipochunguza nikaona mzee ana hoja. Khawarij maana yake ni waliotoka, nalo ni jina la wapinzani. Wao walijiita Shurat, yaani waliouza nafsi zao kwa Mungu. Ibadhi hujiita watu wa haki na unyofu. Mutazila walijiita watu wa uadilifu na umoja wa Mungu. Vitabu vingi vya kuorodhesha madhehebu viliandikwa na wapinzani, na baadhi ya waandishi walijitahidi orodha ifike 73 kwa kuwa kuna hadithi inayotaja idadi hiyo. Kwa hiyo kila ukisoma orodha, uliza kwanza: ameandika nani?

Na kwetu jambo hili si la mbali. Wamazrui walioitawala Mombasa hadi mwaka 1837 walikuwa Waibadhi kwa asili, na masultani wa Zanzibar vilevile. Dhehebu hilo lingali hai Oman, Zanzibar na Afrika Kaskazini. Ukiandika uongo kuhusu Azariqa, hakuna atakayelia. Ukiandika uongo kuhusu Ibadhi, kuna mzee anakunywa kahawa barazani na jina hilo ni lake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukitaka kuingiza kundi lolote katika mchezo, katika insha au hata katika porojo za bwenini, anza na swali walilojibu, kisha mwaka, kisha mahali. Jina liandike mwisho, na kabla ya kuliandika mwulize mwenye jina.

MSAMIATI

Dhehebu (madhehebu): kundi lenye msimamo wake ndani ya dini moja.
Itikadi: jambo ambalo mtu analiamini kwa dhati.
Kukufuru neema: kutoishukuru neema ya Mungu kwa kutenda dhambi.
Hasimu (mahasimu): mtu mnayegombana naye, mpinzani.
Mzawa: aliyetokana na ukoo fulani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti moja kubwa kati ya Azariqa na Ibadhi.
2. Kwa nini jina la Ashari halifai kwa mwaka 867?
3. Taja majina mawili ambayo makundi yalipewa au yalijipa, na ueleze nani aliyatoa.
4. Chagua kundi lolote la watu katika kijiji au mtaa wenu. Majirani huliitaje? Lenyewe hujiitaje? Andika insha ya ukurasa mmoja.