Kukagua Kasha la Alumini Kabla ya Kuunda Kompyuta Nyumbani

Wauzaji wa makasha ya kompyuta wana kauli moja wanayoipenda: alumini inapitisha joto vizuri, kwa hiyo mashine yako itapoa. Nusu ya kwanza ni kweli. Alumini hupitisha joto mara mbili hadi nne zaidi ya chuma, kutegemea imechanganywa na nini. Ila prosesa haigusi bati la kasha, wala kadi ya grafiki hailigusi. Joto lake huingia kwenye kipozaji, kipozaji hulimwaga hewani, na hewa hiyo ndiyo inayotakiwa itoke nje. Kasha la alumini lililozibwa mbele litaichemsha mashine kuliko kasha la chuma lenye matundu ya kutosha. Yapo machache yanayotumia mwili wenyewe kama kipozaji, mfano DB4 ya Streacom isiyo na feni hata moja, ambayo mirija yake hubeba joto kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye kuta. Kama hununui la namna hiyo, hoja ya ubaridi iache dukani.

Beba sumaku ndogo, tepu ya kupimia, bisibisi ya nyota na multimita.

Hatua ya kwanza: sumaku

Ipitishe sumaku mbele, juu, ubavuni, kwenye bamba linaloshikilia mazabodi, nyuma na chini. Alumini haishikwi na sumaku. Mara nyingi utakuta kinachoitwa kasha la alumini ni uso wa mbele tu, na mifupa yote ni chuma. Hilo si kosa. Chuma ni kigumu na kasha halitayumba. Kosa ni kuliuza kwa bei ya alumini tupu. Sumaku ikikataa, gonga kwa kucha pia, maana plastiki iliyopakwa rangi ya fedha nayo hukataa sumaku.

Usihukumu kwa kulinyanyua. Ni kweli alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, lakini watengenezaji huongeza unene, na kioo cha ubavuni hurudisha kilo zote zilizookolewa. Power Mac G5, ile kompyuta ya Apple ya mwaka 2003 yenye mwili wa alumini, ilikuwa na takriban kilo 20 ikiwa na vitu vyake ndani. Nao wapo wanaotafuta ganda la G5 ili wafunge mashine ya kisasa ndani yake. Linapendeza kweli, ila sehemu za kufungia mazabodi hazilingani na vipimo vya kawaida, kwa hiyo utakata na kutoboa. Kama huna jiliwa na msasa nyumbani, achana nalo.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwishalipa: vichujio vya vumbi vya sumaku havishiki kwenye alumini. Angalia kama kasha lina vichujio vyake vya kuchomeka, na kama vinatoka bila kulazimika kulipindua.

Hatua ya pili: tepu

Andika kwanza orodha ya vifaa vyako, kisha pima. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Hapo watu hawakosei sana. Hukosea kwenye kadi ya grafiki. Urefu wake upime kutoka bamba la nyuma mpaka kwenye feni ya mbele, si mpaka kwenye uso wa kasha, kwa sababu feni ya kawaida inakula milimita 25, na radieta ya maji inakula nyingine kama hizo. RTX 4090 iliyotengenezwa na Nvidia wenyewe ina urefu wa milimita 304 na inaziba nafasi tatu. Kimo chake ni 137, na juu ya hapo waya wa umeme unahitaji kama milimita 35 kabla ya kupindwa. Ukifunga ubavu ukaukandamiza waya huo, unaharibu kiungo kinachobeba umeme mkubwa.

Kipozaji cha prosesa nacho kina kimo. Noctua NH-D15 kina milimita 165, na makasha mengi membamba ya alumini hayafiki hapo. Pawasaplai ya ATX ina upana wa 150 na kimo cha 86. Ya SFX ni 125 kwa 63.5. Ya SFX hukaa kwenye nafasi ya ATX kwa bamba la kuunganishia, ila ya ATX haiingii kwenye nafasi ya SFX.

Makasha ya zamani ya alumini, yale ya miaka ya 2000, huuzwa kwa bei nafuu na yametengenezwa vizuri kuliko mengi ya leo. Tatizo lake ni vizimba vya diski vinavyoifungia njia kadi ndefu, na nafasi za feni za milimita 80 ambazo hupiga kelele nyingi kwa hewa kidogo. Uliza kama vizimba vinafunguka kwa skrubu. Vikiwa vimepigwa ribiti, utalazimika kuzitoboa.

Hatua ya tatu: hewa

Shika kasha kinyume na mwanga ukaangalie uso wa mbele. Mwanga ukipita, hewa itapita. Ukiona bamba zima la alumini lenye upenyo mwembamba pembeni, jua umenunua sura. Feni za milimita 120 au 140, mbili mbele na moja nyuma, zinatosha mashine nyingi za nyumbani.

Hatua ya nne: hesi

Hapa ndipo alumini inapoumbuka. Ni laini, na hesi iliyokatwa moja kwa moja kwenye bati jembamba huliwa baada ya kufungwa na kufunguliwa mara chache. Fungua skrubu moja ya ubavuni, uirudishe kwa vidole. Ikikataa bila bisibisi, mabati hayajakaa sawa. Tafuta matundu yaliyotiwa nati za chuma au shaba ya njano ndani yake.

Ujue pia kwamba ndani ya kompyuta kuna skrubu za aina mbili zinazofanana sana kwa macho: ile ya inchi inayoitwa 6-32, nene kidogo na yenye hesi pana, na M3 yenye hesi za karibukaribu. Ukiilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, katika chuma utaumia mkono. Katika alumini litaharibika tundu.

Bonyeza bati la ubavu katikati. La milimita 1 litabonyea, na diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika italifanya livume usiku kucha. Milimita 1.5 hadi 2 ni afadhali. Kama bado unatumia diski za namna hiyo, sisitiza zikae juu ya mpira.

Hatua ya tano: umeme

Alumini iliyotiwa rangi kwa njia ya anodaizi ina ngozi isiyopitisha umeme. Weka multimita kwenye mlio, mguso mmoja kwenye tundu la skrubu ya pawasaplai, mwingine kwenye hesi ya kiguu kinachoiinua mazabodi, kisha kwenye kingo za ndani za kila bati. Kasha zima linapaswa kuwa kitu kimoja kiumeme. Lisipolia, toa ngozi kidogo mahali palipofichika, skrubu inapokaza.

Sasa, malalamiko yanayosikika sana: kasha linatekenya ukiligusa ukiwa pekupeku. Mara nyingi kasha halina hatia. Pawasaplai ina vichujio vinavyounganisha umeme wa ukutani na ethi. Nyumba isipokuwa na ethi, au plagi ya pini tatu ikichomekwa kwenye adapta ya pini mbili, mwili wa kompyuta hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo mno. Kasha la chuma lililopakwa rangi nzito lingekuficha jambo hilo. Mwite fundi umeme apime ethi, usitandike zulia chini ya miguu ukadhani umemaliza.

Kasha lililotumika

Ukiwa pwani, kama Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, angalia kingo za skrubu. Unga mweupe maana yake chumvi na unyevu vimeingia kati ya skrubu ya chuma na alumini, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiwa kidogo hufutika, ila ukiwa umefika ndani ya hesi, skrubu itakatika siku utakayoifungua. Mikwaruzo ya anodaizi haipakwi rangi ikapotea, kwa hiyo punguza bei kwa kila mkwaruzo unaoonekana.

Mwisho, chomeka waya za mbele kwenye mazabodi yako kama umeibeba, maana makasha mengi ya zamani hayana waya wa USB-C na mengine yana ule wa USB 2 tu. Kisha fungua mfuko wa skrubu, hesabu viguu. Mazabodi ya ATX kwa kawaida inahitaji tisa.