FUNDISHO: MTOTO ANAYEBEBA NYUMBA KICHWANI

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, Yohana 9:1-3, Kutoka 2:1-10



Mji wetu wa Kisangani unajua maana ya kupoteza nyumba. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, nyumba zaidi ya 4.000 ziliharibika. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka Lubunga. Nyumba zilichomwa, na jamaa nyingi zilivuka mto zikalala katika shule, katika makanisa na kwa watu. Leo tujifunze juu ya mtoto wa jamaa ya namna hiyo.

1. Mzazi aliyevunjika moyo

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 11. Baba yake alikuwa na shamba na nyumba. Sasa analala mchana kutwa, hasemi, hali, haogi. Mtoto ndiye anayeteka maji, anayeuza mandazi, anayepikia wadogo zake. Majirani wakiuliza, anajibu: "Papa amechoka tu."

Wengine wanasema baba huyo ni mvivu, au imani yake ni ndogo. Je, nabii Elia alikuwa na imani ndogo? Naye alilala chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumtuma malaika kumgombeza. Alimtuma na mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo Elia akapata nguvu ya kutembea. Huzuni ya namna hii ni ugonjwa. Waganga wa hopitali wanaujua, na wanautunza kwa maongezi na kwa dawa.

2. Mtoto huyo si ndoki

Hapa tusikie vizuri, hasa sisi tunaoamini unabii. Jamaa ikianguka, mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mtoto: "Ni yeye aliyekula bahati ya baba yake." Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyefanya dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu alikataa kumtwika kosa hilo yeye au wazazi wake. Sheria ya nchi yetu nayo inakataza. Katiba ya 2006, artikle 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto, artikle 160, inampa adhabu anayefanya hivyo. Nyumba ya yule baba ilichomwa na watu wazima. Mtoto asilipe deni lao.

3. Mtoto hodari bado ni mtoto

Dada yake Musa alisimama mbali akilinda kile kikapu, kisha akasema na binti Farao kwa akili. Alikuwa hodari kweli. Lakini hakumnyonyesha Musa. Alikimbia kumwita mama. Kazi ya mtoto ilikuwa kuangalia na kuita, na mtu mzima alipokuja, alipokea mzigo. Basi tukimsifu mtoto wetu, "Wewe ni mwanaume wa nyumba," halafu tukaenda zetu, tumemwachia mzigo wote. Mtoto asiyelia mbele ya watu huenda analia usiku.

4. Tufanye nini?

- Tuombe pamoja na baba huyo, na tumsindikize kwa munganga. Maombi hayakatazi hopitali.
- Akina mama wa kanisa wapikie jamaa hiyo kwa zamu, mtoto apate saa ya kusoma na ya kucheza.
- Mtu mzima mmoja amwulize mtoto, wakiwa peke yao: "Na wewe, moyo wako uko namna gani?" Kisha anyamaze, asikilize.
- Tumwambie wazi: "Ugonjwa wa Papa haukutoka kwako, na si wewe wa kumponyesha."

Swali la kujiuliza nyumbani: katika avenyu yetu, ni mtoto gani anayengoja tupokee mzigo wake?

Bwana atusaidie. Amina.