SOMO: MAPAMBO YA KRISMASI – TUYAWEKE LINI, NA TUYAONDOE LINI?

Masomo: Luka 2:1–24, Mathayo 2:1–15, Warumi 14:5–6

Utangulizi

Katika toleo hili tunawaletea wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na marafiki wanaotuunga mkono ndani na nje ya nchi, somo ambalo huenda likaonekana dogo. Karibu kila mwaka swali hili hujitokeza vikaoni na majumbani: mti wa Krismasi upambwe lini, na uondolewe lini? Wapo wanaotaka mapambo yawe tayari tangu Novemba, kama yanavyoonekana madukani. Wapo wanaoona kwamba tarehe 26 Desemba sikukuu imekwisha na boksi lirudi juu ya kabati.

Kwetu sisi tunaoratibu huduma za dayosisi, swali hili linagusa jambo kubwa zaidi. Tumeona kwamba sadaka na misaada huenda pamoja na mapambo. Yanapowekwa, watu hutoa; yanaposhushwa, utoaji hupungua. Lakini kwa kaya zenye kipato kidogo, mzigo mkubwa huja Januari, wakati mapambo yameshafungwa. Kwa hiyo tunaomba tulitazame swali hili kwa makini.

1. Kalenda ya Kanisa inasema nini?

Mwaka wa Kanisa huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Majilio ni wakati wa kungoja na kujiandaa, na rangi ya vitambaa vya madhabahuni ni zambarau. Sikukuu yenyewe huanza na ibada ya mkesha tarehe 24 Desemba, na rangi hubadilika kuwa nyeupe. Kuanzia tarehe 25 Desemba hadi 5 Januari ni siku 12 za Krismasi. Tarehe 6 Januari ni Epifania, tunapokumbuka mamajusi waliofika kumsujudia Mtoto. Ziko pia desturi zinazohesabu hadi tarehe 2 Februari, siku ya 40, tunapokumbuka Yesu alivyopelekwa hekaluni.

Kwa mpango huu, anayeondoa mapambo tarehe 26 Desemba anayaondoa siku ya pili ya sikukuu, na anayepamba kila kitu Novemba anasherehekea kabla ya kungoja.

2. Makanisa rafiki wanafanyaje?

Ujerumani, ambako desturi ya mti wa Krismasi ina historia ndefu, yapo maandishi ya mwaka 1605 yanayoeleza miti iliyowekwa vyumbani mjini Strasbourg, ikiwa imepambwa kwa maua ya karatasi na matofaa. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi yenye desturi hiyo. Kwa kawaida familia nyingi za Kijerumani zilipamba mti tarehe 24 Desemba yenyewe, na kuuondoa karibu na Epifania; wengine walingoja hadi tarehe 2 Februari.

Katika wiki nne za kungoja, wao huwasha shada la Majilio. Shada hili lina asili ambayo wana-diakonia tunapaswa kuifahamu. Johann Hinrich Wichern alianzisha mjini Hamburg mwaka 1833 nyumba ya kulea watoto maskini, iitwayo Rauhes Haus. Mwaka 1839 aliweka juu ya gurudumu la mkokoteni mishumaa mikubwa ya Jumapili nne na midogo ya siku za katikati, ili kila siku mmoja uwashwe na watoto wahesabu siku zilizobaki. Hivyo pambo linalojulikana leo katika makanisa mengi lilianzia katika nyumba ya huduma, kwa ajili ya watoto wasio na kitu.

Uswidi huweka nyota na mishumaa madirishani kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mapambo huondolewa tarehe 13 Januari, siku iitwayo ya Knut, ambapo watoto hukusanyika, huucheza mti na kula vitu vitamu vilivyotundikwa. Uingereza husema siku ya 12 ndiyo mwisho, na wapo wanaoamini kwamba atakayechelewa atapata mkosi.

Hapa tuwe waangalifu. Sisi hatushiki tarehe kwa kuogopa mkosi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 15, linafundisha kwamba desturi za kanisa zinazoleta amani na utaratibu mwema zinaweza kufuatwa, lakini zisilemee dhamiri za watu kana kwamba ni za lazima kwa wokovu. Mtume Paulo naye katika Warumi 14 anawaacha waumini watofautiane kuhusu siku, mradi kila mmoja afanye kwa ajili ya Bwana. Basi swali letu si tarehe ipi ni halali, bali tarehe ipi inatusaidia kumtumikia jirani.

3. Hali ilivyo kwetu

Katika sharika zetu mapambo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya asili: majani ya migomba kwenye njia ya kuingilia, makuti ya mnazi kwa walio mwambao, matawi ya miti ya kijani, na maua mekundu ya mti ambao watu wengi huuita mkrismasi kwa sababu huchanua karibu na Desemba. Haya yana kalenda yake yenyewe. Yakikatwa mapema mno, ikifika siku ya ibada yamenyauka. Aina ya pili ni ya dukani: miti ya plastiki, taa za kumetameta, maputo na makaratasi ya rangi. Haya hayanyauki, na zipo sebule ambazo hukaa nayo hadi Pasaka bila mtu kukumbuka kuyashusha.

Tarehe za kwetu pia hutegemea safari. Katika maeneo ambayo ndugu hurudi nyumbani kutoka mijini, mapambo huwekwa wageni wanapofika na kuondolewa wanapoaga. Wakisharudi mjini, nyumba hubaki na wazee na watoto. Michango ya pamoja ilifanyika wageni walipokuwepo, na mingi ilikwenda kwenye chakula cha sikukuu.

Kisha shule hufunguliwa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na tunashukuru. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, nauli na mahitaji ya bweni bado ni jukumu la mzazi au mlezi. Bibi anayelea wajukuu wanne anaweza kupata kilo za mchele na nyama tarehe 24 Desemba kutoka kwa vikundi vitatu tofauti, na wiki mbili baadaye asipate hata mmoja wa kumsaidia jozi moja ya viatu vya mtoto anayeanza kidato cha kwanza. Hakuna aliyemtendea vibaya. Ni kwamba wote tulitoa siku moja.

4. Zawadi zilizofika baadaye

Tusome Mathayo 2 pamoja na Luka 2. Wachungaji walifika usiku ule ule. Mamajusi walifika baadaye, na Mathayo 2:11 inaeleza kwamba walimkuta Mtoto ndani ya nyumba. Siku ya 40 wazazi walipokwenda hekaluni, Luka 2:24 inataja sadaka ya ndege wawili. Kwa mujibu wa Walawi 12:8, hiyo ndiyo sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwanakondoo. Nyumba ambayo sisi tunaipamba kwa taa ilikuwa nyumba ya watu maskini.

Na mara baada ya mamajusi kuondoka, Yusufu aliambiwa aikimbize familia yake Misri. Zawadi hazikufika usiku wa furaha wakati wageni walikuwa wengi. Zilifika karibu na safari ngumu. Ndiyo maana tunaona Epifania ni siku inayofaa sana kwa diakonia: inatufundisha kutoa baada ya shangwe kupita, wakati wenye shida wanapobaki peke yao.

5. Mapendekezo kwa kamati za sharika

Tunapendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe na baraza la wazee kabla ya Majilio:

a) Wakati wa Majilio, kanisani na nyumbani tuweke shada lenye mishumaa minne tu. Mti na mapambo mengine yawekwe tarehe 23 au 24 Desemba.

b) Mapambo yabaki hadi Epifania. Yale ya majani yabadilishwe mara moja katikati.

c) Chini ya mti liwekwe sanduku la sadaka ya Epifania kuanzia tarehe 25 Desemba. Ndugu wanaorudi mijini watoe kabla hawajasafiri. Sanduku lifunguliwe mbele ya mashahidi, na mtunza hazina aandike stakabadhi.

d) Wazee wa jumuiya waandae mapema orodha ya watoto wenye mahitaji ya shule, bila kujali dhehebu. Orodha isisomwe hadharani, na watoto wasipigwe picha wakipokea viatu.

e) Siku ya kuondoa mapambo iwe kazi ya vijana. Ujerumani vikundi vya vijana wa kanisa na wa YMCA (huko huitwa CVJM) hupita nyumba kwa nyumba mwezi Januari kukusanya miti iliyokwisha kutumika, na kupokea michango kwa ajili ya huduma. Vijana wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo: wasaidie wazee kushusha mapambo, wapokee sadaka, na majani yaliyonyauka wayapeleke kwenye mboji.

f) Tukate matawi, tusikate mti mzima mchanga. Anayekata apande mche wakati wa mvua.

g) Mti mkavu hushika moto haraka. Mishumaa isiwekwe karibu na matawi, na taa za umeme zizimwe watu wanapolala. Waya uliochubuka usitumike.

Kwa wafadhili wetu

Ninyi pia mna desturi ya kutoa wakati huu. Shirika la Mkate kwa Ulimwengu la Ujerumani, lililoanza mwaka 1959, hufungua kampeni yake kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Majilio, na katika makanisa mengi sadaka ya mkesha wa Krismasi huelekezwa huko. Tunawaomba mnaotuma michango ya Krismasi mturuhusu kutumia sehemu yake kwa mahitaji ya Januari, nasi tutatoa taarifa ya matumizi kama kawaida.

Maswali ya majadiliano

1. Katika nyumba yako mapambo huondolewa lini, na ni nani aliyeamua tarehe hiyo?
2. Mwaka jana, misaada ya usharika wetu ilitolewa tarehe zipi? Ni kaya ngapi zilizopata Desemba zilihitaji tena Januari?
3. Tufanye nini ili ndugu wanaosafiri washiriki sadaka ya Epifania?
4. Ni nani katika jumuiya yetu hutembelewa wakati wa sikukuu pekee?

Tunaomba sharika zitakazojaribu mpango huu zituletee taarifa fupi mwishoni mwa Februari, ikieleza kilichofanikiwa na kilichoshindikana, ili tuwashirikishe wengine katika toleo lijalo. Bwana awabariki, na awape Majilio mema.