SOMO LA OFISI: Tulipofungiwa Nje ya Kompyuta Yetu Wenyewe

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumzia visima, mizinga ya nyuki na vitabu vya fedha. Safari hii tunaomba radhi tuzungumzie kompyuta. Tunaanza kwa kukiri kosa letu, kwa kuwa baadhi ya wafadhili walipokea taarifa ya robo mwaka siku tisa baada ya tarehe tuliyoahidi, nao wana haki ya kujua sababu.

Mhasibu wetu alikwenda likizo ya uzazi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi msaidizi wake funguo za kabati, kitabu cha hundi, muhuri na mafaili yote, na neno la siri la kompyuta akaliandika kwenye karatasi. Msaidizi alipoliingiza, kompyuta ikalikataa. Akajaribu kwa herufi kubwa, akajaribu kwa herufi ndogo, ikakataa. Kumbe karatasi ilikuwa na neno la zamani. Jipya lilikuwa limewekwa mwezi uliotangulia. Tulimpigia simu mhasibu, naye akiwa na mtoto wa siku chache mikononi, hakulikumbuka. Hatumlaumu hata kidogo. Kazi ya kuhakikisha makabidhiano ilikuwa yetu.

Tukamwita fundi. Alifanya kile ambacho mafundi wamekifanya kwa miaka mingi: aliingia kwenye mipangilio ya mwanzo ya mashine, akazima kinga moja, akachomeka flashi yenye programu ya kufuta maneno ya siri. Programu ile haikuona faili hata moja, ila diski isiyosomeka. Alipochomoa flashi na kuwasha kompyuta kama kawaida, hata ule ukurasa wa kuingilia haukutokea tena. Ulitokea ukurasa wa buluu ukidai ufunguo wa tarakimu 48. Ndipo tulipotambua kwamba diski yetu ilikuwa imesimbwa, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye somo. Kompyuta ya namna hii ina kufuli mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni neno la siri la akaunti ya mtumiaji. Hiyo ni kama mlinzi wa mlangoni: anauliza jina, anakuruhusu au anakuzuia. Lakini mlinzi hawezi kumzuia mtu aliyebomoa ukuta wa nyuma. Katika kompyuta isiyosimbwa, fundi (au mwizi) anaweza kuichomoa diski, akaiweka kwenye mashine nyingine na kusoma kila kitu bila kumwuliza mlinzi. Kufuli ya pili ni usimbaji. Huo hubadilisha maandishi yenyewe ndani ya diski yawe vurugu tupu, na hayarudi kuwa maneno na hesabu mpaka upatikane ufunguo wake. Ukibomoa ukuta, unakuta chumba kimejaa mchanga.

Katika Windows usimbaji huu huitwa BitLocker, na ulianza na Windows Vista mwaka 2007. Ufunguo hutunzwa na chipu ndogo ndani ya mashine, ambayo huutoa yenyewe kila asubuhi ikiridhika kwamba hakuna kilichochezewa. Ndiyo maana tuliishi nao muda wote bila kuuona. Fundi alipozima ile kinga, chipu ilishtuka ikaficha ufunguo, na kompyuta ikaomba ule wa akiba, yaani zile tarakimu 48 katika mafungu manane ya sita sita. Mara nyingi ukirudisha mpangilio kama ulivyokuwa, chipu hutulia na ukurasa wa buluu huondoka. Sisi hatukujua hilo, na fundi hakukumbuka vizuri alichogusa.

Nani basi aliisimba? Iliyoisimba ni kompyuta yenyewe. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hujisimba mara tu mtu anapoingia kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa akiba hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Toleo la Windows 11 lililotoka mwaka 2024 limeongeza idadi ya mashine zinazofanya hivyo. Yetu ilifunguliwa kutoka kwenye boksi na kijana aliyekuwa akijitolea ofisini, naye kwa nia njema alitumia barua pepe yake binafsi. Kijana huyo sasa yupo chuoni, mkoa mwingine.

Tulimtafuta siku nne. Alipopatikana aliingia kwenye akaunti yake, akahakikisha kitambulisho cha ufunguo kinalingana na kilichoandikwa kwenye kioo chetu, akatusomea tarakimu kwa simu, fungu moja moja. Disk ikafunguka, lakini mlinzi wa mlangoni bado alitukatalia. Jumamosi kijana akapanda basi, akaja, akaingia kwa akaunti yake iliyokuwa bado na mamlaka yote, akampangia msaidizi neno jipya. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yalipotea, lakini hesabu zote zilikuwepo. Tulishukuru, kisha tukaona aibu: mtu aliyeacha kazi kwetu muda mrefu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Katika kikao kilichofuata mjumbe mmoja alipendekeza tuuondoe usimbaji kabisa. Tulimwelewa, lakini hatukukubali. Ndani ya kompyuta ile kuna majina ya kaya tunazozisaidia, hali za afya za watu, na namba za simu za wajane. Ikiibiwa kwenye basi bila usimbaji, habari hizo ni za yeyote. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania inatudai tuzilinde, na wenzetu wa Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019.

Wengine wanaamini kwamba ukilipa vizuri atapatikana wa kuufungua. Mwaka 2021 gazeti la New York Times liliandika habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu huko San Francisco, mwenye bitcoin 7,002 zilizofungwa ndani ya kifaa kilichosimbwa kinachoruhusu kukosea mara kumi tu. Alikuwa amekwisha kukosea mara nane. Mali ya mamilioni ya dola haikumpatia njia ya mkato. Kwa hiyo anayewaambia kwamba ataifungua kwa elfu hamsini, mwulizeni kwanza kama atafuta diski. Wengi hufuta na kuweka Windows upya. Mashine inawaka vizuri, na kazi yenu ya miaka imekwenda. Tarehe 19 Julai 2024, programu mbovu ya CrowdStrike ilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, hata makampuni makubwa yalihangaika kuingiza funguo hizi kwa mkono, mashine baada ya mashine.

Tumefanya nini? Tumefungua akaunti ya ofisi na kumwondoa kijana wetu kwa shukrani. Tumechapa ufunguo kwenye karatasi, kwa sababu ufunguo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta ileile ni sawa na funguo za gari zilizofungiwa ndani ya gari. Parokia zenye Linux zina nafuu: usimbaji wa LUKS huruhusu maneno ya siri kadhaa kwa diski moja, hivyo mwenyekiti na mtunza hazina kila mmoja anaweza kuwa na lake. Kila Ijumaa tunanakili hesabu kwenye diski ya nje, nayo imesimbwa, kwani ufunguo haufufui diski iliyokufa. Nakala yetu ya mwisho ilikuwa na umri wa miezi minne, jambo ambalo hatukupenda kuliandika hapa.

Bahasha moja ya ufunguo ipo kwenye kasha la chuma ofisini, ya pili kwa katibu wa parokia jirani, zote zimesainiwa juu ya gundi. Kamati ambazo hazijui kama kompyuta zao zimesimbwa ziandike neno BitLocker kwenye sehemu ya kutafutia na kutazama. Ni kazi ya dakika tano. Mratibu atazitembelea parokia zote robo ijayo, naye ameagizwa aombe kuiona bahasha kabla ya kuomba kitabu cha fedha.